Kitunguu saumu kwenye chakula cha sato

Ndugu, umeuliza uwawekee sato wako kitunguu saumu kiasi gani. Gramu 10 za unga wake kwa kilo 1 ya chakula zinatosha kuamsha hamu ya kula na kusaidia kinga. Koroga unga na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti, mimina juu ya punje, geuza mpaka zote zishike, kisha anika kivulini. Usichemshe: joto huharibu allisini, kemikali yenye nguvu iliyomo kwenye kitunguu saumu, na ndiyo unayoitafuta. Tengeneza cha siku tatu tu. Kikiota ukungu kitupe, sumu yake huharibu ini la samaki. Wakikitema, punguza nusu. Ila kama alfajiri wanahema juu ya maji, huo ni upungufu wa oksijeni majini, kitunguu saumu hakihusiki. Ongeza maji mapya kwanza.