Usiung'oe pilipili mbuzi wako, dada

Unauliza kama mpilipili wako wa kwenye chungu utavuka baridi ya Minneapolis, huko Marekani. Utavuka, kwa sababu pilipili ni mmea wa miaka mingi. Kinachouua huko ni jalidi, yaani baridi inayogandisha. Uingize ndani mara usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, usingoje zaidi.

Kabla ya kuuingiza, chuma pilipili zote na ukate matawi, ubaki shina na vipande vifupi tu. Najua inauma kuukata hivyo! Kisha kazi kubwa ni wadudu mafuta, wale wadogo wanaofyonza utomvu: ndani ya nyumba hakuna wadudu wa kuwala, wanazaana ovyo. Osha shina lote kwa maji ya sabuni laini na ubadilishe udongo wa juu.

Uweke mahali pa nyuzi 10 hadi 15, karibu na dirisha. Maji kidogo sana, udongo ukishakauka. Mizizi iliyolala huoza upesi. Majani yakidondoka usiutupe, kwaruza gome: chini kukiwa kijani, uko hai.

Machi uongezee mwanga, joto na mbolea kidogo. Nje ni mwisho wa Mei, ukiuzoesha jua polepole.