Ng'ombe wanalala njiani: niwabane zaidi kwenye lori?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nasafirisha ng'ombe wa nyama, wa kilo 350 hivi kila mmoja, kwa lori lenye sakafu ya mita 7 kwa 2.4. Safari huchukua saa 10. Napakia 20, na utingo anasema tuwabane ili washikiliane wasianguke. Safari iliyopita wawili walilala njiani, mmoja akafika amekufa, na mchinjaji akalalamika kwamba nyama ya baadhi yao ilikuwa nyeusi. Je, niongeze wawili wakazane vizuri?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Usiongeze hata mmoja, punguza wanne.

Ushauri wa utingo umeenea kwa sababu una chembe ya ukweli: lori likiwa na nafasi kubwa mno, ng'ombe hurushwa huku na huko kila breki inapokanyagwa. Lakini ng'ombe hasimami kwa kuegemea mwenzake. Lori likiyumba, husogeza miguu ili asipoteze mizani. Ukimbana hadi kwato zikose pa kusogea, anaanguka, na hapo ndipo balaa linapoanza. Wenzake hujaza pale alipokuwa amesimama. Ng'ombe huinuka kwa kutanguliza sehemu ya nyuma huku akisukuma kichwa na shingo mbele. Asipopata nafasi hiyo, hawezi kuinuka hata akiwa mzima kabisa. Anakanyagwa, na wanaomkanyaga nao wanajikwaa. Nadhani ndivyo ulivyompoteza yule mmoja.

Sakafu yako ni mita za mraba 16.8, kwa hiyo kila ng'ombe anapata 0.84. Kanuni namba 1/2005 ya Umoja wa Ulaya inataka mita za mraba 0.95 hadi 1.30 kwa ng'ombe wa kilo 325, na 1.30 hadi 1.60 kwa wa kilo 550. Wako wa kilo 350 wanahitaji karibu mita 1 kila mmoja, tena hicho ni kiwango cha chini. Ndiyo maana nasema 16, na wakiwa na pembe ndefu pungufu ya hapo. Siku ukipata wachache, gawa lori kwa kizuizi imara badala ya kutafuta wengine wa kujazia.

Kinachowaangusha hasa ni utelezi na dereva. Mkojo na samadi hulainisha sakafu ndani ya muda mfupi, hivyo tandaza mchanga au maranda, na weka vipande vya kukingama vinavyozuia kwato kuteleza. Dereva naye aanze taratibu, apunguze mwendo kabla ya kona na wala si ndani ya kona. Ukimlipa kwa kuwahi kufika, unamlipa aangushe ng'ombe wako.

Ile nyama nyeusi ni ushahidi wa safari yenyewe. Misuli ina akiba ya nguvu iitwayo glaikojeni, ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi na kuishusha pH ya nyama (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) hadi karibu 5.5. Mnyama aliyehangaika kwa saa nyingi huimaliza akiba hiyo angali hai. pH inabaki juu, karibu 6 au zaidi, na nyama inakuwa nyeusi, kavu na huharibika upesi. Kama fahali wako wametoka kwa wafugaji tofauti na wanakutana mara ya kwanza ndani ya lori, wanasukumana na kupandana njia nzima. Watenge kwa makundi waliyotoka nayo.

Simama mara ya kwanza mapema, kabla safari haijawa ndefu, uwakague. Kisha kila baada ya saa chache. Chagua kivuli na usikawie, maana lori likisimama upepo nao unakata na joto hupanda haraka. Ukimkuta aliyelala, usimpige wala kumsokota mkia. Wasogeze wenzake kwanza, apate nafasi mbele ya kichwa chake, mpe dakika chache. Wengi huinuka wenyewe.

Mkifika, wape maji na wapumzike kabla ya kuchinjwa. Asiyeweza kusimama asiburutwe kwa kamba kushushwa. Aitwe mtu mwenye ujuzi amzimishe fahamu na kummaliza palepale alipolala, ndani ya lori.