Kuona faru Mkomazi na kurudi Moshi siku hiyohiyo

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kutoka Moshi alfajiri kwa gari dogo, ukaone faru weusi wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na kurudi jioni. Barabara hadi Same ni ya lami na lango la hifadhi la Zange liko karibu na mji huo, kwa hiyo shida si safari, ni faru wenyewe: tangu wa kwanza walipoletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997, wanatunzwa ndani ya uzio wa umeme, hivyo kabla ya yote wapigie hifadhi uulizie nafasi ya kuingia humo. Gari dogo liache Same, hasa wakati wa masika, kwani udongo ule mwekundu ukilowa huteleza vibaya. Mbwa mwitu nao walirudishwa, ila usiwategemee; vichaka huwaficha.