Ngoma kufifia usiku ufukweni
Umeuliza kama ngoma za tamasha la ufukweni zilififia Jumamosi usiku kwa sababu wapigaji walichoka. Hapana, hawakuchoka. Ngozi ndiyo iliyolegea. Ngozi ya mnyama hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, mkazo unapungua, mlio unashuka mpaka inakuwa kama mtu anapiga mto. Kando ya bahari, jua likishazama hewa inapoa na unyevunyevu unazidi, ndiyo maana ngoma iliyolia vizuri Jumamosi mchana ilififia usiku.

Mimi ni mpigaji, na dawa ni ileile ya wazee: ngoma ioteshwe moto. Unaiweka mbali kidogo na makaa, unaigeuzageuza, unaigonga kwa ncha za vidole mpaka usikie mlio umekaza tena. Usiisogeze karibu mno, ngozi itapasuka, na inauma sana kupoteza ngoma tamasha likiwa katikati.

Ila hii ni kwa ngoma za ngozi halisi, zile zilizowambwa plastiki hazisumbui hivyo. Gitaa nalo huenda kinyume: nyuzi za chuma zikipoa hujikaza, sauti inapanda. Ndiyo sababu wapiga gitaa walikuwa wanazungusha vifungio vya kukazia na kulegezea nyuzi kila baada ya wimbo.