Maswali ya wasomaji: Suruali ya mvua ya kupandia mlima

Safu hii hujibiwa na mama aliyeanza kama mpagazi Kilimanjaro, akawa mwongozaji, na sasa anakodisha vifaa vya kupandia mlima mjini Moshi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Tumekubaliana walimu kadhaa tupande Kilimanjaro Desemba, shule zikifungwa, kwa njia ya Machame. Mwaka jana tulipanda Uluguru hadi Morningside, mimi nikiwa na jinzi. Mvua ikatukuta njiani, nikashuka na mapaja yamechubuka na suruali nzito kama nimebeba mtu. Sasa nikienda mitumbani naona suruali za kila aina, na muuzaji ananiambia zote haziingizi maji. Dukani zipo mpya, lakini bei zake zinanitisha. Ninunue ipi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongereni kwa mpango huo. Kwanza jinzi ibaki nyumbani. Pamba hunywa maji, haikauki mlimani, na ikishalowa inakunyonya joto mwilini kila upepo ukipiga.

Unahitaji suruali mbili. Moja ni ya kutembelea: nyepesi, ya nailoni au poliesta, inayonyumbuka kidogo na kukauka upesi. Hii ikiwa imepakwa dawa ya kufukuza maji, manyunyu yatateleza juu yake. Mvua ikikaza italowa, na hilo lisikusumbue, kwa sababu ikikatika utaikausha kwa kutembea tu. Ya pili ni suruali ya mvua yenyewe, pana, ya kuvaa juu ya ile ya kwanza, isiyopitisha maji kabisa. Wateja wengi wanaokuja kwangu wanataka moja ifanye kazi zote mbili. Mimi sijaiona. Inayozuia maji sawasawa itakuchemsha msituni, na inayopitisha hewa vizuri haivumilii mvua ya mchana kutwa.

Nikueleze kwa njia yenu hiyohiyo. Geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, na siku ya kwanza mnakatiza msitu mpaka karibu mita 3,000. Upande huu wa kusini hupata mvua nyingi kuliko upande wa Rongai, kaskazini, na Desemba vuli mara nyingi haijamalizika. Lakini msituni kuna joto, na mnapanda. Ukiivaa suruali ya mvua tangu getini, ukiivua kambini utakuta umelowa vilevile, kwa jasho lako mwenyewe. Kwa hiyo siku hiyo, kama ni mvua ya kawaida, tembea na ile nyepesi. Ikimwagika kweli, au ukianza kusikia baridi mapajani, ndipo uvae ya mvua.

Siku ninayoiogopa mimi ni ya tatu, mnapotoka kambi ya Shira kupandisha mwamba wa Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu mkashuke kambi ya Barranco. Kule juu hakuna mti wa kukata upepo, na mvua hugeuka barafu au theluji mkiwa njiani. Nimemwona kijana mwenye nguvu zake, suruali imelowa hadi kiunoni, anatetemeka na kushindwa kufunga zipu ya koti lake kwa sababu vidole vimekataa. Tulimfungia sisi. Siku kama hiyo suruali ya mvua inavaliwa kabla hujalowa, mawingu yanapoanza kupanda kutoka bondeni, maana ukiivaa baadaye unayafungia maji ndani.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau hata wakiwa wamenunua suruali nzuri kuliko zote: iweke kwenye kibegi unachobeba wewe, juu kabisa. Begi kubwa anabeba mpagazi, naye hutangulia kwenda kupiga hema. Mvua ikiwanyeshea katikati ya njia, suruali yako itakuwa saa mbili mbele yako.

Sasa tuje mitumbani, maana huko ndiko utakakoipata nzuri kwa bei unayoiweza. Soko la Memorial hapa Moshi limevisha wapanda mlima wengi sana, wakiwemo waongozaji wanaowapeleka wageni matajiri. Neno la muuzaji liache, lebo isome, halafu igeuze suruali ndani nje na uisogeze kwenye mwanga wa jua. Tafuta mishono. Kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano, kwa hiyo suruali isiyopitisha maji kwelikweli huwa imebandikwa utepe mwembamba juu ya mishono yote kwa ndani. Utepe ukikosekana, hiyo ni ya manyunyu hata kama kitambaa chenyewe ni kizuri. Utepe ukiwepo lakini umeanza kubanduka pale katikati ya miguu, iache, maana hapo ndipo panaposuguana na ndipo patakapoingia maji.

Halafu sugua kitambaa kwa ndani kwa kidole gumba. Kikinata, au kikitoa unga mweupe unaopukutika, utando wake wa kuzuia maji umeoza. Hili hutokea sana kwa nguo zilizokaa miaka kwenye mabelo yenye joto na unyevu, na hakuna fundi wa kulitengeneza. Nje inaweza kuonekana mpya kabisa, zipu zinateleza, rangi haijapauka. Irudishe tu.

Ikifaulu hapo, omba ruhusa kwa muuzaji uijaribu kwa maji. Kunja sehemu ya goti, kisha ya makalio, iwe kama kikombe, mimina maji kidogo ya chupa, subiri dakika chache, kisha yakandamize kwa kidole huku umeweka karatasi laini chini yake. Nasema goti na makalio kwa sababu unapopiga goti au kukaa juu ya jiwe lililolowa, uzito wako unayasukuma maji yaingie. Suruali nyingi hazishindwi na mvua inayotoka juu, zinashindwa pale unapokaa kula chakula cha mchana.

Ukinunua mpya, utaona namba za milimita. Maana yake ni urefu wa maji yaliyosimamishwa juu ya kitambaa kabla hakijaanza kuvuja: 10,000 ni mita kumi za maji. Kwa Kilimanjaro 10,000 inatosha. Zipo za 20,000 na zaidi, ni nzuri, ila fedha hiyo ya ziada mimi ningeipeleka kwenye viatu.

Zipu za pembeni ndizo zinazonifanya niichague suruali au niiache. Ziwe zimefika angalau magotini, ili uweze kuivaa na kuivua bila kuvua viatu. Mtu anayelazimika kukaa kwenye tope avue buti huku mvua inanyesha ataahirisha kuivaa, na akiahirisha analowa. Ivae hapohapo sokoni juu ya suruali yako, ukiwa na viatu, unyanyue goti mpaka usawa wa kiuno. Siku ya nne mtapanda ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu, na suruali inayobana mapajani itapasuka pale. Ikiwa ndefu, kata au pindisha, maana kuikanyaga kwenye kuteremka ni hatari. Ukivaa gaita, yaani kile kitambaa cha kufunika sehemu ya juu ya kiatu na mguu, suruali ya mvua ipite juu yake. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mguuni yanamwagikia kwenye kiatu.

Hujaniambia kama u mwanamke au mwanaume, ila kwa ajili ya akina mama katika kundi lenu: tafuteni yenye lastiki kiunoni badala ya vifungo vingi na mikanda. Vidole vikiwa vimekufa ganzi, kila kifungo ni kazi, na mlimani unatakiwa unywe maji mengi, kwa hiyo kujisaidia ni mara nyingi. Na kila mmoja awe na kanga moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Inafuta miguu, inasitiri, na usiku inafungwa kiunoni ndani ya hema.

Kama hamna mpango wa kupanda tena, kodini. Kwangu ni kazi, lakini ningewaambia hivyo hata nisingekuwa na duka. Mnapokodi, fanyeni ukaguzi uleule wa utepe na utando, na mfanye siku moja kabla, si asubuhi gari likiwa linawasha.

SWALI: Hujambo mama? Mimi hutembea Ngong Hills Jumapili na marafiki, tukianza mapema. Nimeona mtu anauza suruali nzito ya mvua huko soko la Toi. Naihitaji? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kwa Ngong, huhitaji. Mlima ule uko wazi na una upepo mwingi, si bure mitambo ya umeme wa upepo imewekwa pale. Chukua nailoni nyepesi yenye dawa ya kufukuza maji, ikukinge upepo. Asubuhi kinachokulowesha ni umande wa nyasi, kuanzia magoti kushuka chini, na hapo gaita fupi itakusaidia kuliko suruali nzito. Fedha hiyo itunze. Siku ukipanga kwenda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, pale kwenye kinamasi cha mteremko, ndipo uirudie hiyo suruali, na uikague nilivyomweleza mwalimu.

SWALI: Suruali yangu ya Gore-Tex niliyoletewa na shemeji kutoka Ujerumani ilikuwa haishiki maji kabisa. Sasa kitambaa cha nje kinalowa na ndani nasikia ubaridi wa majimaji. Imekwisha? – Arusha

JIBU: Huenda haijaisha. Utando unaozuia maji umefichwa katikati, na mara nyingi bado ni mzima. Kilichochoka ni ile dawa ya nje inayofanya maji yawe matone na kudondoka. Ikichoka, kitambaa cha juu kinalowa, mvuke wa jasho unakosa pa kutokea, nawe unadhani mvua imeingia.

Ifue kwanza, kwa sababu mafuta ya mwili, moshi wa jikoni na tope ndivyo vinavyoiziba. Tumia sabuni ya maji kidogo, usitie kabisa ile ya kulainisha na kunukisha nguo, na suuza mara mbili. Ikikauka, soma lebo: kama inaruhusu pasi, pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa kingine ulichokitandika, bila mvuke. Joto huiamsha dawa iliyobaki. Nyunyizia maji, yakiwa matone, umepona. Yakizidi kunyweka, nunua dawa ya kupulizia na uipake upya. Na usiihifadhi imekunjwa mbichi ndani ya begi, hilo ndilo linaloziua nyingi.

SWALI: Shikamoo mama. Nimepata safari yangu ya kwanza ya upagazi mwezi ujao, njia ya Lemosho. Nina suruali ya track na koti la mvua la plastiki. Kaka zangu wanasema sisi wagumu tunazoea. Ni kweli? – Kijana, Marangu

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na nakuomba usiliamini hilo hata likisemwa na mtu unayemheshimu. Baridi haizoeleki ukiwa umelowa. Wewe unabeba mzigo, unatoka jasho kuliko mgeni, kisha unafika kambini unasimama kwenye upepo kupiga hema. Mpagazi anahitaji suruali ya mvua kuliko yule anayembebea begi, na kampuni inayomchukua ina wajibu wa kumkagua nguo kabla hajapita getini.

Hapa Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wenyewe tunauita KPAP, ambao huwaazima wapagazi nguo za mlima bila malipo. Nenda mapema, wiki moja kabla, ujaribu saizi yako ukiwa na viatu utakavyovaa. Koti la plastiki chukua, ila lifunikie mzigo. Na suruali ya track ifanye ya kulalia tu: iweke kavu kwenye mfuko, uivae ukishaingia hemani, na asubuhi hata ikiwa ile ya kutembelea bado mbichi, vaa hiyo mbichi na uirudishe ile kavu kwenye mfuko. Kuivaa mbichi kunauma dakika kumi za kwanza, kisha mwili unapata moto njiani. Usiku bila nguo kavu hauna pa kupatia moto.