Kindi wafu chini ya mpapai

SWALI: Shikamoo bibi. Nakaa Chumbageni, Tanga. Nimekuta kindi wawili wamekufa chini ya mpapai; jirani ametega sumu ya panya. Niwafanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwashike kwa mkono mtupu! Mnyama akishapoa, viroboto humhama kutafuta mwili wenye joto, na viroboto hueneza tauni, ile iliyowatesa wenzetu wa Lushoto kuanzia 1980. Vaa glovu, nyunyiza dawa ya viroboto, wazoe kwa koleo, uwafukie futi mbili, mbali na kisima. Jalalani usiwatupe, paka akiwala sumu itampata naye. Jirani mwambie kwa upole: sumu hiyo itamuua hata bundi anayetusaidia kula panya. Mapapai yachume yakianza manjano, yaivie ndani, kindi wasiyafuate.