Usiigize ili wakukubali
Pole sana ndugu yangu, umesema kila kundi unakaa pembeni na unacheka hata visivyokuchekesha ili tu wakukubali. Hiyo ya kuigiza achana nayo kabisa, maana hata wakikupenda watakuwa wamempenda mtu mwingine na wewe utabaki mpweke vilevile. Halafu usiwe na haraka, kuna mtafiti Mmarekani, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alikuta inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mpaka mtu awe rafiki wa kawaida tu, wa karibu ni zaidi ya 200. Kwa hiyo tafuta unachokipenda kweli, kwaya, mpira, chesi, chochote cha kila wiki, na uende hata siku hujisikii. Kundi zima liache kwanza, anza na yule mmoja anayekusalimiaga kwa jina.